Kila kazi na sahani yake: mwendesha baiskeli katika miezi isiyo na mashindano

Siku kumi baada ya mbio za mwisho za msimu, mwendesha baiskeli anapanda kwenye mizani na kukuta ameongezeka kilo moja na nusu. Hajala ovyo, kilichobadilika ni kwamba baiskeli imeegeshwa. Kesho yake anaanza kujinyima. Anaruka kifungua kinywa, anapunguza chakula cha usiku hadi nusu sahani, kisha anaingia barabarani kwa saa tatu akidai anachoma mafuta. Kwa wengi, msimu unaofuata huharibikia hapo, miezi mitatu au minne kabla ya mbio za kwanza.

Uzito ule kwa sehemu kubwa si mafuta. Mwili wa mtu aliyezoea mazoezi huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, gramu 400 hadi 500 hivi kwenye misuli na karibu 100 kwenye ini, na kila gramu huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Katikati ya msimu akiba hiyo haijai sawasawa, maana inachotwa kila siku. Ukipumzika huku ukila kama ulivyozoea, inajaa na maji yake yanaifuata: gramu 350 za glaikojeni pamoja na maji yake ni kilo 1.4. Ili kilo moja na nusu iwe mafuta matupu, ungehitaji kula ziada ya kilokalori zaidi ya 11,000 ndani ya siku hizo kumi, yaani zaidi ya 1,000 kila siku juu ya mahitaji yako. Inawezekana, lakini mtu anayekula hivyo huwa anajijua.

Miezi isiyo na mashindano ina kazi tatu: kuondoa uchovu, kujenga nguvu na pumzi, na, kwa wachache wanaohitaji kweli, kupunguza uzito. Kila kazi ina mazoezi yake na chakula chake. Ushauri mwingi unaozagaa unapingana kwa sababu kila mshauri anazungumzia kazi moja kana kwamba ndiyo pekee, na msikilizaji anazibeba zote katika wiki moja. Mtaka yote hukosa yote. Kwa maoni yangu, hata mpango mzuri kiasi gani wa mazoezi hauwezi kuokoa mpangilio mbovu wa kazi hizi tatu.

Kinachopotea ukipumzika

Hofu kubwa ya mwanamashindano ni kwamba wiki tatu bila baiskeli zitafuta kazi ya mwaka mzima. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani Edward Coyle na wenzake waliwapima wanamichezo wa uvumilivu walioacha mazoezi kabisa kwa siku 84. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 katika wiki tatu za mwanzo, ukafika asilimia 16 chini baada ya siku 56, kisha ukasimama hapo. Ukisoma haraka, habari hiyo inatisha. Ila angalia kinachoshuka kwanza: ni ile sehemu ya majimaji ya damu, ambayo hupungua ndani ya siku chache tu. Damu ikipungua, moyo husukuma kidogo kwa kila pigo na hulazimika kupiga haraka zaidi kwa mwendo uleule. Ndiyo maana safari ya kwanza baada ya mapumziko huonekana ngumu isivyostahili. Majimaji hayo hurudi upesi, kwa wiki moja au mbili za mazoezi mepesi.

Mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya misuli, hupoteza uwezo wake taratibu zaidi. Mishipa midogo ya damu iliyojengeka kuizunguka misuli kwa miaka ya mazoezi haikupungua kwa wanamichezo wale hata siku 84 zilipotimia. Kwa hiyo wiki mbili au tatu za kupumzika zinakugharimu hasa kile kinachorudi kwa urahisi, na zinakupa kile ambacho mazoezi hayawezi kukupa: usingizi, magoti yasiyouma, na hamu ya kupanda baiskeli tena.

Wanaolipwa kwa kazi hii wanalijua jambo hilo. Kalenda ya Ulaya hufikia tamati Oktoba, mwezi wa mbio za Il Lombardia kule Italia. Mbio za Tour Down Under huko Australia hufanyika Januari. Katikati ya hapo timu nyingi huenda kambini Hispania mwezi Desemba, lakini kabla ya kambi waendeshaji wengi huiweka baiskeli kando kwa wiki mbili hadi nne. Kama wao, wenye madaktari na wakandaji wa kila siku, wanahitaji likizo hiyo, anayefanya kazi ofisini na kufanya mazoezi alfajiri anaihitaji zaidi.

Asiyetaka kushuka sana ana njia ya kati. Mtafiti wa Norway Bent Rønnestad na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba waendeshaji waliofanya zoezi kali mara moja tu kila siku 7 hadi 10 katika wiki 8 za mapumziko waliulinda uwezo wao vizuri kuliko wenzao waliozunguka taratibu tu, na waliuanza msimu wakiwa juu yao. Dozi ni ndogo lakini kali: dakika tano za kukaza mara kadhaa, basi. Siku nyingine tembea, ogelea, cheza na watoto.

Chakula cha wiki hizi hakina siri. Shughuli imepungua, basi wanga nao unapungua, hadi gramu 3 hadi 5 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Protini inabaki palepale. Usihesabu kalori, usipime kila punje. Kuongezeka kilo mbili za kweli katika mwezi wa kupumzika hakujamzuia mtu kushinda. Kuongezeka kumi ni habari nyingine. Jan Ullrich wa Ujerumani, bingwa wa Tour de France wa mwaka 1997 na mshindi wa pili mara tano, alijulikana kwa kurudi mazoezini akiwa mzito kila baada ya majira ya baridi, na majira ya kuchipua yalimwishia katika kufukuzana na uzito badala ya kufanya mazoezi. (Sakata lake la dawa zilizokatazwa ni habari ya siku nyingine.) Pombe nayo izingatiwe, si kwa maadili bali kwa hesabu: ina kilokalori 7 kwa gramu, inaharibu usingizi, na ikinywewa kwa wingi baada ya mazoezi inapunguza kazi ya mwili ya kukarabati misuli.

Chuma

Kazi ya pili inaanzia jimu, na hapa waendesha baiskeli wengi huingia shingo upande. Wanaogopa kunenepa misuli. Hofu hiyo inasahau kwamba mtu anayekanyaga pedali saa kumi kwa wiki ana mwili unaopokea kila siku amri ya kuvumilia, na amri hiyo huizuia misuli isitanuke kama ya mnyanyua vyuma. Anachovuna ni nguvu katika kila mkanyago, na nguvu inayochelewa kuisha.

Katika utafiti mwingine wa Rønnestad, uliochapishwa 2011, waendeshaji waliofanya mazoezi mazito ya chuma kwa wiki 12 pamoja na baiskeli waliendeshwa kwa dakika 185 mfululizo, kisha wakaambiwa watoe kila walichonacho kwa dakika 5. Walitoa nguvu zaidi kuliko kabla ya mazoezi hayo, wakati wenzao waliobaki na baiskeli peke yake hawakupiga hatua hiyo. Mtu yeyote aliyewahi kufika kwenye mlima wa mwisho baada ya saa tatu anaelewa thamani ya dakika tano hizo.

Programu yenyewe haina mapambo. Mara mbili kwa wiki, mazoezi manne: kuchuchumaa nusu ukiwa na chuma begani, kusukuma uzito kwa mguu mmoja mmoja, kuinua paja dhidi ya uzito, na kusimama kwa ncha za vidole. Pembe ya goti inafanana na ile ya pedali ikiwa juu, ndiyo maana kuchuchumaa hadi chini kabisa si lazima. Wiki mbili tatu za kwanza tumia uzito mwepesi na marudio kumi hadi kumi na tano, ili kano na maungio yazoee. Kisha ongeza uzito na upunguze marudio hadi kati ya 10 na 4, raundi tatu, ukipumzika dakika mbili au tatu kati ya raundi. Sukuma kwa kasi, shusha polepole. Usipokuwa na mtu wa kukusahihisha mgongo, mlipe kocha kwa siku za mwanzo. Pesa hiyo ni ndogo kuliko ya tabibu.

Maumivu ya misuli ya wiki hizo za kwanza ni ya kweli. Ukiwa nayo, safari ya baiskeli ya kesho yake iwe nyepesi, na usihukumu kiwango chako kwa namba za siku hiyo. Mbio zikianza, mara moja kwa wiki inatosha kulinda ulichojenga. Ukiacha kabisa, faida huyeyuka ndani ya wiki kadhaa, na hili ndilo kosa la kawaida: mtu anajenga miezi mitatu, anaacha mashindano yanapofika, halafu katikati ya msimu anasema chuma hakisaidii.

Kuna sababu nyingine ya kunyanyua chuma ambayo haionekani kwenye matokeo. Baiskeli haigongi mifupa. Tofauti na mkimbiaji, mwendeshaji wa barabarani hukaa kwenye kiti saa nyingi bila mtikisiko unaouambia mfupa ujiimarishe, na vipimo mara nyingi huonyesha kuwa mifupa ya uti wa mgongo wa chini ya waendeshaji hao ni myepesi kuliko inavyotarajiwa. Kunyanyua uzito, kuruka kamba, na kukimbia kidogo husaidia, mradi mtu anakula vya kutosha.

Mwendo wa taratibu ulio taratibu kweli

Kwenye baiskeli yenyewe nitapita haraka, maana kanuni ni moja na wengi wameisikia. Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya utafiti Norway, aliona kwamba wanamichezo bora wa uvumilivu hufanya karibu asilimia 80 ya vipindi vyao kwa mwendo mwepesi na asilimia 20 iliyobaki kwa ukali. Anayeshindana kwa kujifurahisha hufanya kinyume: siku nyepesi anazikaza kidogo, siku kali hana nguvu za kuzikaza vya kutosha, na wiki nzima inaishia kwenye mwendo wa katikati, unaochosha bila kujenga. Kipimo rahisi ni mazungumzo. Kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukatwa na pumzi, punguza. Mwenzako akikupita, mwache apite. Huu si mwezi wa kushinda mtu.

Hesabu ya sahani

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe, na tulifungue kwa namba. Chukua mwendeshaji wa kilo 65 mwenye asilimia 10 ya mafuta mwilini. Ukiondoa mafuta, anabaki na kilo 58.5. Wataalamu wa lishe ya michezo hutumia kipimo cha nishati inayobaki kwa ajili ya mwili baada ya kulipia mazoezi: kilokalori 45 hivi kwa kila kilo isiyo mafuta zinatosha kuendesha homoni, kinga, mifupa na ukarabati. Chini ya 30, mwili unaanza kuzima huduma moja baada ya nyingine.

Jumapili mtu huyu anaendesha saa tatu kwa wastani wa wati 180 (wati ni kipimo cha nguvu anayoitia kwenye pedali). Hiyo ni kazi ya kilojuli 1,944, na kwa kuwa binadamu hugeuza robo tu au pungufu ya nishati yake kuwa mwendo, kilokalori anazotumia hukaribia namba ileile, tuseme 1,900. Mahitaji yake ya siku hiyo ni 45 mara 58.5, jumlisha 1,900: zaidi ya kilokalori 4,500. Yeye amekula 3,000, akaona amekula sana, kwa sababu jirani yake asiyefanya mazoezi hali hivyo. Toa 1,900, zinabaki 1,100. Gawanya kwa 58.5, unapata chini ya 19. Huyo yuko ndani kabisa ya eneo la hatari na hana habari.

Siku moja ya namna hiyo haimwangushi mtu. Wiki kadhaa mfululizo ndizo zinazoleta hali ambayo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitolea tamko rasmi mwaka 2014 na kulipitia upya 2018 na 2023: upungufu wa nishati unaoathiri mwili mzima. Kwa wanawake hedhi huchelewa au hukoma. Kwa wanaume testosteroni hushuka na hamu ya tendo la ndoa hupotea, jambo ambalo wengi hulificha au kulisingizia umri. Wote wawili hupata mafua yasiyoisha, usingizi wa mang'amung'amu, hasira za haraka, baridi mwilini, na mwishowe nyufa kwenye mifupa. Kinachochanganya ni kwamba mizani wakati mwingine hugoma kushuka, maana mwili unaobana matumizi hutumia kidogo. Mtu anaona uzito haupungui, anazidi kujinyima.

Ndiyo maana kupunguza uzito kuna dirisha lake. Halifunguki katika wiki za mapumziko, wala katika miezi ya mazoezi makali na mashindano. Linafunguka katika kipindi cha mwendo mwepesi, na hata hapo linafunguka siku nyepesi tu. Mrudie mtu wetu. Jumanne anaendesha saa moja kwa wati 130, anatumia kilokalori 470 hivi, na mahitaji yake ni kama 3,100. Akila 2,750 siku hiyo, bado amebakiwa na kilokalori 39 kwa kila kilo isiyo mafuta, hali salama. Akifanya hivyo siku nne kwa wiki, na siku za safari ndefu na za chuma akala vya kutosha, atapungua gramu 180 hivi kwa wiki. Kwa wiki nane ni karibu kilo moja na nusu. Anayetaka zaidi ya hapo asivuke asilimia 0.7 ya uzito wake kwa wiki, na asishushe protini: gramu 1.6 hadi 2 kwa kilo kwa siku, zikigawanywa katika milo minne ya gramu 25 hadi 35, ili kinachoondoka kiwe mafuta na si misuli aliyoitafuta jimu.

Halafu ajiulize kama inafaa. Mwendeshaji huyo akiweza kushikilia wati 280, ana wati 4.31 kwa kilo. Akipungua kilo moja na nusu bila kupoteza nguvu, anafika 4.41. Akibaki na uzito wake na kuongeza wati 10, anafika 4.46, na wati hizo zitamsaidia hata kwenye tambarare, mahali ambapo wepesi hauna faida kubwa. Kwa mtu ambaye tayari ni mwembamba, naona hesabu imejibu.

Wanga unafuata kazi ya siku: gramu 3 hadi 5 kwa kilo siku ya mapumziko, 5 hadi 7 siku ya saa moja hivi, 8 hadi 10 siku ya safari ndefu. Mahali rahisi pa kuongeza ni juu ya baiskeli. Gramu 60 kwa saa katika ile safari ya saa tatu ni kilokalori 720, ambazo zingemwokoa mtu wetu sehemu kubwa ya deni lake bila kumlazimisha kula chakula cha usiku kama cha harusi. Na kuendesha kwa tumbo tupu, ambako kuna wafuasi wengi? Ni kweli kunauzoeza mwili kutumia mafuta. Ila faida yake kwenye matokeo ya mbio haijathibitika vizuri, na kwa mtu aliye katika upungufu kunaongeza deni. Saa moja nyepesi asubuhi, mara moja kwa wiki, haidhuru. Saa nne ni adhabu.

Virutubisho vya chupa nitavigusa tu. Vidonge vya vitamini C na E vya dozi kubwa ni bora kuviacha katika kipindi cha kujenga, kwani huweza kuzima baadhi ya ishara zinazouambia msuli ujiboreshe. Madini ya chuma usimeze kwa kubahatisha. Pima damu, pamoja na kiwango cha ferritini (protini inayoonyesha akiba ya madini hayo mwilini), mara msimu unapoisha: seli nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo upungufu unaogundulika sasa una muda wa kurekebishwa, na unaogundulika wiki ya mashindano hauna. Ziada ya chuma hudhuru kama upungufu wake. Ukiambiwa unywe vidonge, usivisindikize na chai wala kahawa, vinazuia madini hayo yasifyonzwe.

Wiki sita hadi nane kabla ya mbio za kwanza dirisha la uzito linafungwa, hata kama lengo halijatimia. Mazoezi makali yanaingia, sahani inajaa, na tumbo nalo linaanza mazoezi yake. Utumbo huzoea kufyonza wanga kama misuli inavyozoea kazi, lakini kwa sukari ya glukosi peke yake hukwama karibu na gramu 60 kwa saa. Ukichanganya na fruktosi, sukari nyingine ambayo hupita mlango mwingine, unaweza kufika 90 na zaidi. Anza na 50 katika safari ndefu ya wiki, ongeza 10 kila wiki, tumia kinywaji kilekile utakachotumia siku ya mashindano na kwa kasi inayofanana nayo. Tumbo likikataa, rudi hatua moja na ukae hapo wiki mbili kabla ya kujaribu tena.